Futa Majina ya Malango: Mwalimu Anajibu Barua za Waandishi Chipukizi

Sikupanga iwe hivi, lakini barua sita kati ya nilizopokea mwezi huu zinagusa jambo moja: vijana wenye sihiri wanaotumwa safari ndefu na kupimwa tabia zao njiani. Nimesoma miswada ya aina hii kwa miaka mingi, kwanza darasani na sasa mezani kwangu, na ni aina ninayoipenda kwa moyo wote. Nimeziweka pamoja. Barua nyingine zitanivumilia.

*Shikamoo Mwalimu. Nimeandika riwaya ya kurasa 180. Wanafunzi watano wa sihiri wanatumwa na mkuu wao kuileta taa iliyozimika kileleni mwa mlima. Njiani kuna malango matano, na juu ya kila lango limechongwa jina la fadhila moja: Ujasiri, Ukweli, Huruma, Subira, Unyenyekevu. Anayeshinda lango moja anapewa ufunguo wa linalofuata. Kaka yangu alisoma hadi lango la tatu akanirudishia mswada. Akasema, "Nimeshajua yatakayotokea." Nimekosea wapi?*
*Mwenye Mlima*

Marahaba, mwanangu. Mlima wako ni mzuri na taa yako ni nzuri. Kaka yako naye amekufanyia hisani kwa kukwambia kweli mapema. Kilichokuponza ni ile patasi iliyochonga majina juu ya malango.

Tuutazame ukurasa wa 71 ulionitumia. Vijana wanafika lango la tatu, wanasoma neno HURUMA, wanaingia, na hatua chache mbele wanamkuta bikizee ameketi chini, mguu umevunjika. Sasa nani atampita? Hata yule kijana wako mwenye kiburi, aliyemsukuma mwenzake ukurasa wa 40, anapiga magoti na kuchana shuka lake amfunge mguu. Ameshaambiwa alama zinatolewa kwa lipi. Hapo huruma yake hatujaiona hata kidogo. Tumeona tu kwamba anajua kusoma. Msomaji naye amelisoma neno hilohilo pamoja naye, basi kaka yako hakubakiwa na kazi yoyote ila kufungua kurasa.

Tabia ya mtu huonekana anapodhani hapimwi, au anapodhani anapimwa kwa jambo jingine. Ukilishika hilo, mswada wako utapona.

Wapo waliolijua hili zamani sana. Mwishoni mwa karne ya 14 mtunzi mmoja wa Uingereza, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga shairi refu linaloitwa Sir Gawain and the Green Knight. Nakala ya mkono iliyobaki ni moja tu, nayo imetunzwa London. Jitu la kijani, mwili, nywele na hata farasi wake, linaingia kwenye karamu ya mwaka mpya ya mfalme Arthur na kutoa changamoto: nani atanipiga shoka moja, kisha baada ya mwaka na siku moja aje nami nimpige? Gawain anakubali na kulikata kichwa. Jitu linakiokota kichwa chake, linapanda farasi, linaondoka.

Mwaka unakwisha, na Gawain anasafiri kwenda kuinamisha shingo. Njiani anakaribishwa katika ngome ya bwana mmoja mkarimu, na bwana huyo anampa mchezo: mimi nitakwenda kuwinda, wewe pumzika, jioni nitakupa nilichopata porini, nawe utanipa ulichopata humu ndani. Siku tatu. Kila asubuhi mke wa bwana anamjia kijana chumbani kumshawishi. Gawain anajizuia bila kumvunjia heshima. Anapokea busu moja siku ya kwanza, mawili siku ya pili, matatu siku ya tatu, na kila jioni anamkabidhi mwenyeji wake mabusu hayo kama walivyoahidiana. Lakini ile siku ya tatu bibi yule anampa na mshipi wa kijani, ambao anasema aliyeuvaa hauawi. Huo Gawain anauficha.

Anapofika mbele ya shoka, jitu linamtisha mara mbili bila kumgusa. Mara ya tatu linamchana shingo, ngozi tu. Kisha linajifichua: mwenyeji wako nilikuwa mimi, yale mapigo mawili ni ya siku mbili ulizokuwa mkweli, na mchano huu ni wa mshipi. Muda wote ule Gawain alidhani mtihani wake ni shoka. Kumbe ulikuwa chumbani na mezani, katika maneno machache aliyoyameza jioni ya tatu. Nami kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuuficha mshipi kwa tamaa ya mali. Aliogopa kufa, na jitu lenyewe linampunguzia lawama kwa sababu hiyo. Msomaji gani hatamwelewa?

Sasa turudi mlimani kwako. Futa majina yote. Bakisha lango moja, la mwisho, nalo liwe lango la kweli lenye kufuli na hatari yake, ili vijana na msomaji walifikirie hilo tu usiku na mchana. Fadhila nyingine zitawanye njiani pasipo mlango wowote. Subira iwe katika zamu ya usiku wa baridi: mmoja anatakiwa kuulinda moto wenzake wakilala, na akisinzia hakuna atakayejua. Ukweli uwe katika ramani. Kijana amewapoteza wenzake nusu siku kwa kosa lake mwenyewe, lakini ramani sasa iko mkononi mwa mwingine. Je, atasema, au atamwacha yule aliyeishika alaumiwe?

Na bikizee wa ukurasa wa 71 usimwondoe. Mwongezee haraka. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao mada yao ilikuwa mfano wa Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama kumhudumia majeruhi njiani baada ya wengine kumpita. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunja mlangoni, akikohoa na kuguna. Kati ya walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana; wapo waliomruka mgonjwa wakaenda kumhubiri Msamaria. Kila nikikumbuka utafiti huo naona uchungu, kwa sababu siamini walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamechelewa. Sisi husema haraka haraka haina baraka na kuishia hapo, bila kufikiri ni nani hasa aliyeikosa hiyo baraka. Ni yule aliyelala mlangoni.

Basi lango lako la mwisho lifungwe jua likizama. Bikizee awe nusu ya njia, vivuli vimeanza kurefuka, na asilie. Aulize tu kama wana maji. Neno huruma lisionekane popote katika ukurasa huo. Mwandikie msomaji jua.

*Mwalimu, wahusika wangu ni vijana wema wenye uwezo wa sihiri. Nikiwaita wachawi wasomaji wanashtuka. Nikiwaita waganga wanadhani wanatibu watu. Niwaite nani?*
*Mtafuta Neno*

Mdogo wangu, lugha yetu imeshatoa hukumu kabla hujaandika sentensi ya kwanza. Mchawi kwa Kiswahili ni mtu wa kudhuru. Ukimwita mtu mchawi umeshamshtaki. Mlozi ni hivyohivyo. Mganga anatibu, anaagua, na mara nyingi kazi yake ni kumkinga mtu dhidi ya mchawi huyohuyo. Mazingaombwe na kiinimacho ni kucheza na jicho la mtazamaji: sarafu inapotea, watu wanapiga makofi, wanakwenda zao. Sihiri ina uzito zaidi, na kwa wasomaji wengi wenye dini ni jambo lililokatazwa, kwa hiyo usilitumie kama pambo.

Mimi huwaita wanagenzi. Ni neno la kazi: mwanagenzi ni mtu anayejifunza ufundi kwa aliyemtangulia, naye bado hajaiva. Halisemi kama ni mwema au mbaya. Linasema bado. Kwa hadithi ya kupima tabia sijapata neno linalofaa zaidi ya hilo, maana linaacha swali lote wazi.

Lakini neno mchawi usilitupe. Liweke akiba. Katika hadithi yako fundi wa sihiri na mchawi wawe wamefundishwa maneno yaleyale, na mwalimu yuleyule, katika chumba kilekile. Siku mwanagenzi mmoja atakapomgeukia rafiki yake na kumwambia taratibu, "Umeanza kuwa mchawi," hutahitaji kueleza kitu. Msomaji wa Kiswahili atasikia baridi mgongoni. Ule ugumu uliokukera katika msamiati ndio utakaokubebea ukurasa huo.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 16. Shujaa wangu ana pete inayomfanya asionekane. Nataka kumpima uaminifu, lakini kila mtego ninaomwekea anauruka kwa kutumia pete. Je, niitupe pete?*
*Asiyeonekana*

Marahaba mwanangu, usiitupe! Pete hiyo ndiyo mtihani wenyewe, na wewe umekuwa ukiutafuta kwingine.

Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki wa kale, ameisimulia pete kama yako katika kitabu cha pili cha Jamhuri. Anayeisimulia mle ndani ni Glaucon, ndugu yake Plato. Mchungaji mmoja wa nchi ya Lydia, baada ya mvua kubwa na tetemeko, anaona ardhi imepasuka. Anashuka, anakuta farasi wa shaba aliye wazi ndani, mwenye vidirisha, na humo maiti kubwa kuliko ya mtu wa kawaida, haina kitu mwilini ila pete ya dhahabu kidoleni. Anaichukua. Siku ya mkutano wa wachungaji amekaa, anaichezea, anageuza kichwa cha pete upande wa kiganja, na wenzake wanaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwishaondoka. Akigeuza tena, anaonekana. Akiwa na uhakika huo anajipenyeza kwa mfalme, anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anashika nchi. Kisha Glaucon anauliza: zingekuwepo pete mbili, moja akapewa mwadilifu na nyingine dhalimu, yupo mwadilifu ambaye angebaki vile alivyo?

Kila mwenye sihiri katika hadithi ni mtu wa pete hiyo. Sisi wengine tunazuiwa na mambo mengi kabla ya dhamiri kufikiwa. Kuna mlango uliofungwa, kuna macho ya jirani, kuna unyonge wetu wenyewe. Kufuli humzuia mwizi na mwaminifu sawasawa, na kwa sababu hiyo haliwezi kutuambia nani ni nani. Mwenye pete hana kufuli. Amebaki na nafsi yake peke yake. Kwa hiyo acha kumtegea mitego, mwanangu. Mfungulie milango yote, umwache ndani.

Ugumu utaupata mahali pengine: jambo lisilotendwa linaandikwaje? Nimejaribu kwa shujaa wako, uone ninachokisema. Tuseme wanagenzi watano tu ndio watakaoruhusiwa kupanda mlima.

Daftari la majina lilikuwa wazi mezani. Jina la rafiki yake lilikuwa la tano, lake la sita, na kati ya majina hayo mawili ulipigwa mstari. Wino wa mstari ulikuwa bado unang'aa. Alisogeza kidole mpaka karibu nao. Wino aliuona, kidole hakukiona. Uani wenzake walikuwa wanacheka. Alihesabu moja hadi saba, bila kujua kwa nini saba. Kisha akaigeuza pete, akaviona vidole vyake vyote vikitetemeka, akatokea kwenye mlango uleule aliokaa mlinzi.

Angalia pale mwisho. Angeweza kutoka bila kuonekana kama alivyoingia. Ametoka waziwazi, na sasa mlinzi anajua alikuwa chumba kisichoruhusiwa. Kesho daftari likikutwa na dosari iliyotiwa na mtu mwingine, atakayeshtakiwa ni yeye, na hana shahidi wa kusema hakugusa kitu. Huko ndiko sura yako inayofuata iliko. Uaminifu usiomgharimu shujaa chochote msomaji ataupita bila kuuona.

*Mwalimu, kwa kifupi: jaribio lije kabla shujaa hajapata kifaa chake cha sihiri au baada?*
*Mwenye Haraka*

Katika ngano nyingi huja kabla. Mrusi Vladimir Propp, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1928, alichambua ngano 100 za maajabu akaona zinajengwa kwa matukio yaleyale 31 yanayofuatana, na mojawapo ni hilo: shujaa anakutana na mtoaji, anapimwa au kuulizwa, ndipo anapewa kifaa. Hata hivyo mimi ningeweka la pili baada ya kukipata. Kabla ya hapo shujaa ni mnyonge, na mnyonge mara nyingi hana njia nyingine ila kuwa mpole. Mpe fimbo yenye nguvu mkononi, kisha mkutanishe na yule aliyemdharau sura ya kwanza.

*Mwalimu wetu wa fasihi anataka kila mhusika awe na fadhila moja na aitwe kwa jina la fadhila hiyo, kama alivyofanya Shaaban Robert. Mimi naona wahusika wangu wanakuwa wakavu. Nani yuko sahihi?*
*Mwanafunzi*

Mwalimu wako amekuonyesha mahali pazuri pa kujifunzia, na wewe pia hujakosea kuhusu ukavu. Soma tena Adili na Nduguze. Ni kweli Adili, Hasidi na Mwivu wamebeba tabia zao katika majina, hatuna la kukisia. Lakini tazama alichopewa Adili. Nduguze waliomtenda uovu wamegeuzwa manyani, naye analazimika kuwapiga kila usiku. Jina limeshatuambia kwamba mtu huyu ni mwema; kitabu kinatuonyesha mtu mwema akiwa na mjeledi mkononi, na waliomkosea wako mbele yake, hawana uwezo. Mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa na umri kama wako, na kilichonikaa kichwani ni kile kipigo cha usiku kuliko safari zote za baharini.

Jina likitangulia, basi, tukio lilihangaishe jina. Na ukiwaacha huru kabisa, kumbuka pia kwamba tabia haikai kwa mtu kama rangi ya macho. Mwaka 1928 watafiti Hugh Hartshorne na Mark May wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima maelfu ya watoto katika hali ambazo wangeweza kudanganya wakidhani hawajulikani: katika mitihani ya darasani, katika michezo, katika kazi za nyumbani. Waligundua kwamba mtoto aliyedanganya mahali pamoja hakuwa lazima adanganye pengine. Mkweli wako anaweza kusimama imara mbele ya mkuu wa sihiri na kumwambia kosa lake usoni, kisha usiku huohuo akamwandikia mama yake kwamba hana jeraha lolote. Ukimpa barua hiyo, ukavu utakwisha wenyewe.

*Mwalimu, mwanangu wa miaka tisa alilia baada ya kusoma hadithi ambamo mwanagenzi aliyeshindwa jaribio la huruma aligeuzwa jiwe, na wakubwa waliomtega wakasifiwa kwa hekima yao. Aliniuliza, "Mama, kwani hawakumpa nafasi nyingine?" Sikuwa na jibu. Hadithi kama hizi zinawafaa watoto?*
*Mama wa Mmoja*

Dada yangu, zinawafaa, na mtoto anayeuliza hivyo ameisoma hadithi kwa makini kuliko aliyeiandika. Mwambie wapo waliotoa nafasi nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 13 mshairi wa Kijerumani Wolfram von Eschenbach alimsimulia kijana anayeitwa Parzival. Kijana huyu anafika katika ngome ya ajabu, anamkuta mfalme mwenye jeraha lisilopona, na watu ukumbini wanalia kwa ajili yake. Lilihitajika swali moja tu la kumjali yule mgonjwa. Lakini Parzival alikuwa ameelekezwa na mzee mmoja aliyemheshimu kwamba kijana mwenye adabu haulizi ulizi, basi akanyamaza. Asubuhi ngome ni tupu, na lawama zinamfuata. Alishindwa kwa kutii funzo jema! Anahangaika miaka, hata na Mungu anakorofishana, mpaka anarudi mahali palepale. Safari hii anauliza, "Mjomba, unaumwa nini?" na mfalme anapona. Mjomba hapo si neno la heshima tu. Mfalme yule ni ndugu wa mama yake kweli, jambo ambalo mara ya kwanza hakulijua, na kama angeuliza hali ya mtu asiyemjua wakati ule ingetosha.

Mpe mwanao daftari. Mwulize lile jiwe linasikia au halisikii, na ni nani atakayekuja kukaa karibu nalo. Mwache aandike sura iliyokosekana, wala usimsahihishie chochote.

Kuhusu wale wakubwa waliosifiwa, nina jambo langu la kusema, na sijawahi kuliandika katika ukurasa huu. Nilikuwa na darasa la watoto wa miaka kumi na moja. Vitu vyangu vidogo vilikuwa vinapotea mezani, penseli, chaki za rangi, nami nikaamua kuwapima uaminifu. Siku ya mwisho kabla ya kufunga muhula niliacha daftari la alama wazi juu ya meza, nikasema ninakwenda ofisini, nikasimama nyuma ya mlango wa pembeni, penye ufa. Dakika chache hakuinuka mtu. Kisha mvulana mmoja wa mstari wa mbele, mkimya, ambaye sikuwahi kumdhania, alikwenda mezani. Akalitazama daftari, akalishika kwa mikono miwili.

Niliingia kwa kishindo. "Nimekuona!" Nikamshika mkono mbele ya wenzake na kumwita jina ambalo hakuna mtoto anayestahili kuitwa. Hakujitetea. Alirudi akakaa, na daftari nikalifunga.

Jioni, darasa likiwa tupu, nililifungua nijaze alama. Ukurasa ule ulikuwa na matone ya maji, na wino wa majina matatu ulikuwa umetawanyika. Dirisha lililo juu ya meza yangu halikuwa linafunga vizuri. Mvua ilikuwa imeanza wakati nimesimama penye ufa, na mimi nilikuwa natazama mikono ya watoto tu.

Hawakurudi mpaka muhula ulipofunguliwa. Siku ya kwanza nilimsimamisha, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima, kwa sauti ileile niliyomshtaki nayo. Alinisikiliza akiangalia chini. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuniambia kwamba mvua ilikuwa inaingia.

"Ulisema umeniona, Mwalimu."